Mikono ya Mama Mkwe na Mtoto Asiyetulia Tumboni

Shikamoo Bi Mwanamkuu. Barua hii ninaomba uichapishe gazetini tu, usiisome redioni, kwa sababu redio yako haimpiti mama mkwe wangu, anaitundika kwenye msumari wa banda la kuchambulia tumbaku na ukianza barua za watu anawanyamazisha wote, anasema "tulieni tusikie ya wenzetu," na mimi sitaki ifike siku asikie ya kwake. Gazeti hasomi. Mimi nikisimama mbele ya mtu kusema kwa mdomo siwezi, tangu shule nilikuwa hivyo, mwalimu akiniuliza jibu linaishia kwenye kola ya shati, lakini ukinipa karatasi naandika mpaka ijae, kwa hiyo unisamehe kwa urefu.

Nina miaka kumi na tisa, ni mzaliwa wa Tabora mjini, baba yangu ni fundi wa reli. Shule ya msingi nilisoma ya Kiingereza, sekondari nikaenda ya serikali, nikamaliza kidato cha nne. Mama yangu alifariki nikiwa kidato cha pili na baba akaoa tena, mama wa kambo si mbaya, ila ana watoto wake wadogo na mimi pale nyumbani nikawa kama mgeni aliyekaa mno. Ndipo nikampata Bundala, alikuwa analeta mjini asali ya baba yake, ni mtu wa kucheka hata peke yake, tukapendana, nikapata mimba, wazee wakakutana bila ugomvi, tukafunga ndoa kanisani kwa Wamoraviani, nikaletwa huku kwao kijijini, Urambo. Bundala alikaa kidogo tu halafu akaenda machimboni Nzega, akasema nitarudi kabla hujajifungua.

Bi Mwanamkuu, huku hakuna aliyenitendea ubaya, nataka ulijue hilo kabla sijaendelea. Nakula, nalala, sipigwi, situkanwi. Ila nyumbani wanaongea Kinyamwezi, na mimi kwa damu ni Mnyamwezi lakini sisi watoto wa mjini tulikuzwa kwa Kiswahili, shule ikaongeza Kiingereza, Kinyamwezi kikabaki kwa marehemu bibi. Wakicheka mimi nacheka nikiwa nimechelewa. Mama mkwe alikuwa ananiita kwa kazi tu, "maji," "kuni," "chumvi umeiweka wapi," si kwa ukali, ni mtu wa maneno machache. Aliyekuwa akinichangamkia ni wifi yangu Getruda, yuko darasa la saba, naye ni kwa kunitania, ananiita Madamu. Kuna siku ilifika jioni nikagundua kwamba tangu asubuhi nimesema shikamoo na asante, basi, mengine yote nimeyasema moyoni.

Mimba ilipofika miezi saba nilikwenda kliniki, nesi akanipapasa tumbo akasema mtoto ametanguliza makalio, kichwa kiko juu, nisiogope, bado ana nafasi ya kugeuka. Niliporudi mama mkwe akaniuliza, "Kalalaje?" nikamwambia vilevile nilivyoambiwa. Getruda akadakia, "Madamu, makalio kwa Kiingereza yanaitwaje?" Mama mkwe akamrushia gunzi la hindi likampata begani, "Nenda kaoshe vyombo, mpuuzi wewe!" na Getruda akakimbia anacheka, lakini mama mkwe hakucheka, alinitazama tumbo kwa muda mrefu sana.

Jioni ile akaniita chumbani kwake. Nilikuwa sijawahi kuingia. Ametandika mkeka, ana kibakuli cha mafuta ya karanga aliyoyapasha, akaniambia, "Lala, mwanawane." Mwanawane maana yake mwanangu, hilo nilikuwa nalijua kwa bibi. Akaanza kunikanda tumbo taratibu, anaimba kwa chini wimbo mmoja wa kanisani kwa Kinyamwezi, na mimi nikageuzia uso ukutani kwa sababu machozi yalikuwa yanatoka na sikujua ningemweleza vipi. Hakuna maumivu aliyonipa siku ile. Ni kwamba tangu mama yangu afariki hakuna mtu aliyenishika kwa namna ile, ukiondoa mume wangu, na ya mume ni mengine.

Akawa ananiita kila jioni. Akikanda anaongea, anachanganya Kiswahili na Kinyamwezi, ananiambia namna alivyoletwa hapa naye akiwa msichana, namna mkwe wake alivyokuwa akimficha chumvi. Siku moja akaniambia kwamba baada ya Bundala alizaa mwingine aliyetanguliza miguu. Huku mtoto wa hivyo anaitwa Kashindye, jina linamsubiri tayari. Wakati ule alijifungulia nyumbani, mkunga wa kijiji akamvuta, akakwama kichwa. "Alilia mara moja tu," akasema, na mikono yake ikasimama juu ya tumbo langu, halafu ikaendelea. Nikajua kwa nini alinitazama vile.

Sasa nakuja kwenye aibu yangu. Nilipokwenda kliniki mara nyingine nesi akapapasa akasema, "Hongera, kichwa kimeshuka." Nilifurahi hapo hapo kitandani, lakini nilipokuwa juu ya bodaboda narudi furaha ikawa inapungua kadiri tulivyokaribia nyumbani, nikawaza, nikimwambia amekaa sawa basi mafuta yanarudi kwenye rafu na mimi narudi kwenye maji na kuni. Nilipofika akaniuliza, "Kalalaje?" nami nikasema, "Bado mama, kichwa kiko juu." Nilisema kwa urahisi, mimi ambaye kusema kunanishinda.

Alinikanda siku zilizofuata kwa nguvu zaidi kwa sababu aliona mtoto ni mbishi. Alikuwa anasukuma kwa kiganja upande mmoja na upande mwingine anavuta, nikawa nauma kanga. Mwishowe nikaogopa, nikamdanganya tena kwa upande wa pili, nikasema mama nahisi kichwa kimeshuka, nesi amethibitisha. Bi Mwanamkuu, alipiga vigelegele! Alitoka nje akawaambia wanawake waliokuwa wanachambua tumbaku, Jumapili akamwambia mke wa mchungaji, "Mikono hii, mnaiona? Imemgeuza." Na akaendelea kunikanda, safari hii akisema ni kwa kumshikilia asirudi, yaani nilikuwa nimepata vyote viwili, sifa kwake na mafuta kwangu, nikalala vizuri usiku ule kama mtu asiye na kosa.

Kliniki iliyofuata mtoto amelala kimkingamo, kichwa ubavu huu, miguu ubavu ule. Nesi akaandika rufaa ya kwenda hospitali, nikapigwa utrasaundi, wakasema mtoto mzima, kondo la nyuma liko mahali pake, ila maji yamezidi kiasi. Wiki iliyofuata kichwa chini. Iliyofuata tena kimkingamo. Daktari akaniambia mtoto wa namna hii hatabiriki, mimba ikifika wiki ya thelathini na saba nisikae kijijini, nije nikae kwenye nyumba ya wajawazito wanaosubiri, pale jirani na hospitali, kwa sababu chupa ikipasuka mtoto akiwa amelala hivyo kitovu kinaweza kutangulia kutoka, na hapo ni dakika tu. Halafu akaniuliza, "Kuna mtu anakukanda tumbo?" Nikasema hapana. Alinitazama kwenye macho, nikatazama mizani.

Wiki hiyo ya thelathini na saba inaanza Jumatatu ijayo. Nilipomwambia mama mkwe maneno ya daktari alicheka kwa upole, akasema, "Ukalale kule kama mgonjwa na wewe si mgonjwa? Nani atakupikia, mwanawane? Watu wote wako bandani, marobota ya tumbaku yanasubiriwa. Nilimgeuza mara ya kwanza, nitamgeuza tena. Siku ya uchungu nitakuwa karibu yako." Nikampigia Bundala, mtandao unakatika, akasema, "Msikilize mama, hayo anayajua." Nikampigia baba, akapokea mama wa kambo, tukasalimiana, tukaagana.

Na kuna jingine. Juzi alikuja jirani yetu Agnetha, mimba yake ina miezi saba, mtoto katanguliza makalio, amesikia habari za mikono ya mama mkwe. Alipolala kwenye ule mkeka mimi ndiye niliyeshika kibakuli. Nilitaka kusema. Nikasema tu, "Mafuta yamepoa, niyapashe?"

Swali langu ni hili. Je, mtoto wangu anageukageuka kwa sababu ya ule ukandaji niliouomba kwa uongo? Je, nimwambie mama mkwe ukweli? Nikimwambia atajua kwamba nilichezea kitu anachokiogopa kuliko vyote, na nitampoteza, na mama mwingine sina. Nisipomwambia hataniruhusu kwenda. Nikienda mwenyewe nitakaa kule peke yangu kwenye chumba cha wanawake wenye mama zao, kila mmoja ana mtu wa kumletea uji, na mimi nitakuwa najibu shikamoo na asante. Ukweli nakuambia, kuna saa naogopa kile chumba kuliko ninavyoogopa kile kitovu. Ndiyo maana nakuandikia. Naona akili yangu si nzima.

Ni mimi,
Asiyejua kusema, Urambo.

BI MWANAMKUU ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Akili yako ni nzima. Ina njaa ya mtu, na njaa hiyo inaua kama nyingine, kwa hiyo sitakucheka. Lakini kukugombeza nitakugombeza, ukae vizuri.

Kwanza ujue kwamba barua yako sikuiacha isubiri zamu. Siku ileile nimepiga namba uliyoiandika chini, akapokea binti, akaniuliza, "Unamtaka Madamu? Wewe nani?" Nikasema nimekosea namba, maana niliona nikijitaja jina langu banda zima litajua. Baadaye nikakutumia ujumbe mfupi wenye maneno haya tu: usikandwe tena tumbo, Jumatatu uwe hospitali. Majina ya barua nimeyabadilisha yote, na redioni sijaisoma. Ninayoandika hapa ni yako, na ni ya wengine ambao wako kwenye mkeka kama huo bila kuniandikia.

Swali lako la kwanza nimempelekea mkunga wa hospitali, mimi si wa kubahatisha tumbo la mtu. Anasema mtoto mwenye maji mengi ana nafasi ya kuogelea, anaweza kugeuka leo na kesho bila mkono wa mtu yeyote. Kwa hiyo hakuna anayeweza kukuambia kwamba uongo wako ndio uliomgeuza. Uteremshe mzigo huo. Lakini usiruke ukafurahi, kwa sababu anasema pia kwamba kusukuma na kuvuta tumbo kwa nguvu kunaweza kuling'oa kondo la nyuma kabla ya wakati, damu ikamwagika ndani, mama na mtoto wakaondoka pamoja. Kumgeuza mtoto kwa mikono kupo, ila hufanywa hospitali, na daktari, mapigo ya moyo wa mtoto yakisikilizwa, na chumba cha upasuaji kikiwa hatua chache. Chumba cha mama mkwe wako kina mkeka na kibakuli. Umenielewa?

Sasa hesabu ya uongo. Unadhani ulidanganya mara moja, kidogo, kwa ajili ya kupakwa mafuta. Tazama kilichoota. Mama wa watu anaamini ana kipawa, na ushahidi wake ni wewe. Kwa ushahidi huo anataka kukuzuia nyumbani siku ambayo kitovu kinaweza kutangulia. Kwa ushahidi huohuo Agnetha amelala kwenye mkeka, na wewe msomi wa lugha mbili umesimama hapo unauliza mafuta yamepoa. Lugha mbili, mwanangu, na hakuna hata moja uliyoiona inafaa kusema "mama, acha"? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe unataka kuzaa huku umejifunika gubigubi!

Na daktari naye ukamdanganya. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mama mkwe unamwogopea upendo wake, sawa, nakuelewa. Daktari ulimwogopea nini? Jumatatu neno la kwanza kwake liwe hilo: nilikandwa tumbo, kwa nguvu, tangu mimba ina miezi saba. Wakikufokea, wafokee, watamaliza, halafu watakupima vizuri. Ukishindwa kusema, si umeniambia kwamba karatasini unaweza? Andika, umpe asome. Hakuna sheria inayosema aibu lazima ipitie mdomoni.

Mama mkwe wako nimemfikiria sana. Wewe unamuona kama mtu atakayekuchukia. Mimi nimemuona mwanamke aliyezika mtoto aliyelia mara moja tu, na tangu siku hiyo anatafuta tumbo la kulirekebisha. Hakukukanda kwa ujinga. Alikukanda kwa hofu, na mapenzi yakapita humohumo. Basi ukimwambia ukweli ataumia, sikufichi. Huenda akanuna, huenda akarudi kwenye "maji" na "kuni" kwa siku kadhaa. Mwache aumie. Mtu aliyeumia anapona, na ninavyomjua mama aliyezika, hatakubali azike tena kwa sababu ya fahari ya mikono yake. Lakini hawezi kuchagua vizuri kama wewe umemficha cha kuchagulia.

Umwambie leo, mchana, mkiwa wawili, kabla hajapasha mafuta. Usianze na pole nyingi, utazama humo. Anza na tarehe: kliniki ile ya pili, kichwa kilikuwa kimeshashuka, nilikuambia bado kwa sababu nilitaka uendelee kunishika. Umalizie na Agnetha. Asilale tena kwenye mkeka ule, arudi kliniki, na wewe ndiye utakayemwambia, si mtu mwingine. Ukiona haya, mchukue Getruda. Mtoto anayeuliza makalio kwa Kiingereza mbele ya mama yake hashindwi kukusaidia kusema jambo gumu.

Bandani usiingie. Tumbaku haifai kwa mjamzito hata ikiwa kavu, na sasa hivi hata wakikuita dakika kumi tu uwaandikie vibandiko vya madaraja ya majani, sikuruhusu. Dawa ya mizizi ya kuharakisha uchungu ukiletewa, hata na mke wa mchungaji, imwage. Ukiona damu, ukisikia tumbo limekaza kama ubao na haliachii, au mtoto amepunguza kucheza, usisubiri Jumatatu. Na ikitokea chupa imepasuka ukiwa bado kijijini, usitembee kutafuta viatu. Piga magoti, kichwa chini kwenye mkeka, makalio juu, mtu aite gari, na ubebwe hivyohivyo mpaka hospitali. Kitovu kikionekana kisirudishwe ndani na mtu yeyote. Haya mfundishe Getruda leo, na umwambie hapa hatanii.

Bundala, jina hili si lako lakini habari ni yako, kama gazeti hili limefungia maandazi huko Nzega na umelisoma mpaka hapa: ulisema utarudi kabla hajajifungua. "Kabla" yenyewe ndiyo hii. Mama yako anajua mengi, lakini mke ni wako. Piga simu nyumbani useme neno moja, aende. Halafu panda basi.

Nabaki na kile chumba unachokiogopa, cha wanawake wenye mama zao. Nimefika pale, nimewapelekea wagonjwa wangu uji. Nusu yao hawana mtu, wanajifanya wamelala saa ya kuletewa chakula. Utajiona uko peke yako mpaka mmoja akuombe chumvi. Hilo ni moja. La pili ni kwamba wewe umekwishaamua kuwa ukienda utakuwa peke yako, na sijaona katika karatasi zako zote mahali ulipomwomba mtu yeyote afuatane nawe. Umengoja waseme wao. Mwanangu, watu wa maneno machache wakikutana wawili, wanaweza kufa kwa kiu kila mmoja ameshika mtungi.

Tumbo lako sasa ni la daktari. Mgongo wako, miguu yako, kichwa chako, havijakatazwa na mtu, na mafuta ya karanga yanabebeka. Marobota yatafungwa na wengine, kila mwaka yanafungwa. Kwa hiyo ukishamwambia ukweli wote, na akishanyamaza kwa namna yake ile, usikimbilie jikoni. Kaa hapohapo kwenye mkeka useme: "Mama, kule kila mtu anakuja na mama yake. Mimi nije na nani?"

Kisha funga mdomo wako, kazi unayoiweza, umwache ajibu yeye.